Maumivu Yasiyopumzika Jumapili

Kama umepewa dawa ya kumeza kila jioni na unaimeza kwa kujificha, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi niliificha yangu kwa miezi mitatu ndani ya mkebe wa majani chai, na nusura kule kuficha kuniue kabla ugonjwa wenyewe haujanifikia. Sasa niko sawa. Naandika polepole, ukurasa mmoja kwa siku, kwa sababu shule niliiachia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umezoea chai kuliko kalamu.

Naitwa Cherono. Nina miaka ishirini na miwili. Tunaishi Boito, mimi na Mama, na mdogo wangu Chemutai, na Kogo, ambaye ni nyanya yetu, mama yake Baba. Shamba letu ni dogo na lote ni chai, isipokuwa kipande cha mboga nyuma ya jikoni na mahali pa kufunga ng'ombe wawili.

Mambo yalianza na buti. Ilikuwa Januari, jua kali, chai imekauka na kazi ni kidogo. Nyuma ya visigino vyangu kulikuwa na vinundu vigumu, na buti la mpira la mguu wa kulia likawa linasugua kimoja mpaka kikachubuka. Nilienda hospitali nikitaka kikatwe tu, nirudi nyumbani. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba, nikiangalia viatu vya watu. Nikiwa na watu wengi huwa naangalia viatu.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Hakukata chochote. Alikishika kisigino, akachukua mikono yangu na kuangalia vifundo vya vidole, ambako pia nilikuwa na vinundu vidogo. Kisha akaniambia nitazame dirishani, akayachungulia macho yangu kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Baba yako yuko?"

"Alifariki."

"Pole. Alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Alikuwa na hivi vinundu?"

Nilisema ndiyo. Baba alikuwa na vinundu vikubwa kwenye vidole vyote, na sisi nyumbani tulivisifu. Tulidhani ni alama ya mchumaji hodari, kama vile seremala anavyokuwa na sugu. Alianguka kati ya mistari ya chai asubuhi moja, kikapu mgongoni. Hakuanguka hata chini kabisa, kikapu na matawi vilimshika. Waliokuwa mstari wa pili walidhani ameinama kurekebisha buti.

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi, akanituma maabara. Wiki iliyofuata nilirudi na Mama. Akatuambia damu yangu ina kolestro nyingi sana, yaani mafuta, na kwamba kwangu mimi haitokani na kula vibaya. Nimezaliwa nayo. Nimeirithi kwa Baba, na ndiyo iliyoziba mishipa ya moyo wake. Lakini kuna dawa, ya kundi linaloitwa statini, kidonge kimoja kila jioni, maisha yote. Kabla ya kunipa alipima ini, akauliza kama natumia dawa nyingine, na akauliza kama nina mpango wa kupata mtoto hivi karibuni.

Niliangalia sakafu. Mama akanijibia.

"Huyu, daktari? Huyu hata kumsalimia kijana hajui."

"Basi siku akijua, aje kwangu kwanza," daktari akasema. "Dawa hii haiendi na mimba." Kisha akanigeukia mimi, si Mama. "Na misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilisikia kila neno. Nataka ujue hivyo, kwa sababu ya yaliyofuata.

Nyumbani Kogo alikataa habari yote.

"Mafuta?" alisema. "Mafuta ni ya watu wenye matumbo, wale wa ofisini. Wewe ni mwembamba kama kijiti cha kuchungia ndama. Mafuta inakaa wapi?"

"Iko kwa damu, Kogo."

"Nani ameiona?"

Alipoambiwa nipunguze mursik, yale maziwa ya kibuyu anayoyatengeneza mwenyewe, alikasirika siku mbili. Alinyamaza kama mtu aliyeambiwa mkono wake ni mchafu. Baadaye alianza kunipikia mboga za managu bila samli na kunisukumia sahani bila kusema neno. Huo ndio ulikuwa msamaha wake.

Kilichonisumbua zaidi ni watu. Huku kwetu mtu akimeza kidonge kila siku, watu hawaulizi ni cha nini. Wanajijibu wenyewe. Nilikuwa nimewasikia kwenye kituo cha chai, tukipanga foleni ya kupima majani, wakimsema mama mmoja wa kule chini kwamba ameonekana na chupa ya dawa, kwa hivyo ana ule ugonjwa, ukimwi, na sijui ameletewa na mwanamume yupi. Basi mimi nikatoa vidonge vyangu kwenye pakiti nikavitia ndani ya mkebe mtupu wa majani chai, nikauweka juu ya rafu pamoja na mingine, ili jirani akiingia asivione. Kila jioni baada ya chakula nilisema naenda kufunga ndama. Nilimezea huko, na maji ya kikombe cha plastiki.

Nikaendelea hivyo Februari na Machi. Mwanzo wa Aprili nilipimwa tena, na kolestro ilikuwa imeshuka karibu nusu. Daktari alinionyesha karatasi akiwa anatabasamu. Mvua ilikuwa imeanza. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya chai iliyooshwa, nikafikiri kwamba nitafika miaka arobaini. Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Nilikuwa nikihesabu mpaka thelathini na tisa tu, bila hata kujua kwamba nahesabu.

Mei ndiyo mwezi mgumu wa chai. Mvua na jua vikipokezana, majani yanakua haraka kuliko mikono inavyochuma. Ukichuma juu, chini pamerudi. Watu wanaamka na giza na kurudi wamejikunja, na kila nyumba inanuka dawa ya kuchua. Katikati ya hayo nikapata kikohozi kibaya cha kifua. Nilienda kwa kemisti pale sokoni. Muuzaji alikuwa mwangalifu, sitamlaumu hata kidogo. Alinisikiliza, akashika dawa ya kifua mkononi, akauliza kabla ya kunipa:

"Kuna dawa ingine unameza?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne. Wa karibu kabisa alikuwa Mama Kwamboka, jirani yetu aliyetoka Kisii kuolewa huku, mtu mwema lakini mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Hapana," nikasema.

"Hata ya kila siku?"

"Hapana."

Akanipa. Nilikunywa dawa ya kifua asubuhi na jioni, na kidonge changu vilevile, kwa siku saba. Kikohozi kiliisha. Siku ya nne mapaja yalikuwa yameanza kuuma, halafu mabega.

Hapa ndipo nilipokosea, na nadhani mtu wa mahali pasipo na chai asingekosea hivyo. Mimi nimechuma chai tangu nikiwa mdogo. Nimelelewa nikijua kwamba Mei miguu huuma. Baba aliumwa, Mama anaumwa, Kogo aliumwa mpaka akastaafu. Mtu akilalamika Mei watu wanamcheka. Daktari alisema misuli ikiuma bila sababu, na mimi nilikuwa na sababu, tena ya kilo nyingi mgongoni.

Kwenye foleni ya kupima majani nilikuwa natembea kama bata. Mama Kwamboka akaniona.

"Cherono, umezeeka lini? Ulinipita wapi?"

"Ni miguu."

"Ni chai hiyo. Jipake ile ya kuchua, ile inachoma. Isipochoma rudisha kwa duka."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilijipaka. Ilichoma vizuri, na chini ya kule kuchoma maumivu yakabaki palepale.

Jumapili huwa hatuchumi. Maumivu ya chai yana tabia yake: Jumamosi jioni yanakuwa makali, Jumapili asubuhi yanalegea, Jumapili jioni umesahau. Ile Jumapili hayakulegea. Yaliongezeka. Kanisani tulipiga magoti kuomba, wengine wakasimama, na mimi nikashindwa. Niliiamuru miguu na miguu haikusikia. Chemutai, aliyekuwa amerudi kutoka bweni wikendi hiyo, alikuwa kando yangu; alidhani naomba sana, akanyamaza kwa heshima. Nikamshika sketi.

"Niinue," nikamwambia.

"Acha mchezo."

"Chemutai. Siwezi."

Tulirudi nyumbani akiwa amenishikilia kiuno. Nilienda chooni, na mkojo ulikuwa kama strungi, chai isiyo na maziwa iliyokaa sana kwenye sufuria. Hapo ndipo maneno ya daktari yaliporudi yote. Nilisimama pale nikiwa nimeshika ukuta wa mabati, nikawa naogopa, na bado nusu ya kichwa changu ilikuwa inatafuta namna ya kwenda hospitali bila majirani kujua. Aibu ni kitu cha ajabu.

Mama alitafuta gari, tukaenda hospitali. Daktari wa zamu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani shingoni. Alitazama chupa ya mkojo, akaweka kiti karibu na kitanda, akakaa. Hakusimama juu yangu. Namshukuru mpaka leo kwa kile kiti.

"Unameza dawa gani?"

Mama alikuwa ametoa kila kitu kwenye rafu akakitia kwenye mfuko. Mkebe wa majani chai ulikuwa mle ndani, na Mama hakujua una nini. Niliufungua mwenyewe. Kisha nikatoa pakiti ya dawa ya kifua.

Daktari aliviangalia vile viwili muda mrefu.

"Aliyekuuzia hii, ulimwambia kuhusu hii?"

"Hapana."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza mara mbili."

Mama aligeuza uso.

Daktari alinieleza kwa maneno machache. Dawa ile ya kifua huzuia mwili kuimaliza statini, kwa hivyo statini ikajaa mwilini, ikaanza kuumiza misuli, na misuli ikiharibika taka zake huziba figo. Ndiyo rangi niliyoiona. Alisimamisha dawa zote mbili, wakanitia maji ya mshipa, chupa baada ya chupa, na kupima figo asubuhi na jioni. Nililazwa siku nne. Kitanda cha pili alikuwepo bibi kutoka Kipkelion, mgonjwa wa sukari, aliyekuwa ananigawia uji wa binti yake bila kuniuliza jina. Sista mmoja alikuja kila mara kuangalia rangi ya mkojo, na siku ya tatu akauinua kwenye dirisha kama mtu anayeangalia asali, akasema, "Sasa hii ni ya binadamu." Nilicheka mpaka mapaja yakauma.

Figo zilipona. Miguu ilichelewa, lakini ilirudi. Juni yote nilitembea na fimbo ya Kogo. Yeye akawa anatembea bila fimbo, akisema mimi ndiye mzee.

Lakini ndani ya nyumba hali ilikuwa ngumu. Daktari alisema nikae bila statini mpaka damu ionyeshe misuli imepona, halafu nianze tena, kwa aina nyingine na kipimo kidogo. Mama hakutaka kusikia neno tena. Alichukua vidonge vilivyobaki akavificha mahali ambapo mpaka leo sijui.

"Niliona mume wangu kati ya chai," alisema. "Halafu nimeona mtoto wangu akibebwa kutoka kanisani. Hiyo dawa haingii hapa."

"Mama, bila dawa yatanipata ya Baba."

"Na kwa dawa?"

Julai ilikuja na baridi yake na ukungu, na mimi nikawa sina kidonge, nachuma kidogo kidogo pembeni ya shamba. Kila nilipopanda kilima moyo ukadunda, nilisimama na kusikiliza. Nikafika mpaka pale alipoanguka Baba, nikaona mistari yake bado imenyooka, kwa sababu ndiye aliyeipanda. Niliogopa kidonge, na niliogopa kukaa bila kidonge, na nyumbani hatukuzungumza. Mama aliosha vyombo kwa kelele. Chemutai alikuja kwa mapumziko mafupi, akarudi bweni akiwa na furaha ya kuondoka, na sikumlaumu.

Siku ya kliniki ilipofika mwisho wa Julai, nilimwomba Mama twende pamoja, asikie tu. Tulikaa kwenye benchi lile lile. Yule daktari mwenye miwani alitusomea: misuli imepona, figo ni nzuri, na kolestro imepanda tena mpaka pale ilipokuwa Januari.

"Mimi nakataa," Mama akamwambia. "Nisamehe, daktari. Ile dawa ilimvunja miguu."

Daktari alinitazama mimi. Nikajua ananingoja, na kwa mara ya kwanza maishani nikazungumza mbele ya Mama kabla hajazungumza kwa niaba yangu.

"Mama, dawa haikunivunja peke yake. Mimi nilidanganya kwa kemisti. Niliulizwa mara mbili nikasema hapana, kwa sababu Mama Kwamboka alikuwa nyuma yangu. Ningesema ndiyo, angenipa ingine ya kifua. Miezi mitatu nilimeza na sikuumwa na kitu."

Mama akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, jambo analolifanya akitaka kulia na hataki kuonekana.

"Kwa nini hukuniambia unaficha?"

"Niliona haya."

"Kwangu?"

"Kwa kila mtu."

Mama akamwuliza daktari, "Hii ingine, ikianza kumwumiza, nitajuaje kama si chai?"

Nadhani ni swali zuri kuliko yote niliyosikia hospitalini. Daktari alitaka kujua chai inaumaje, na Mama akamweleza kuhusu Jumamosi na Jumapili. Daktari alisikiliza kama mwanafunzi.

"Basi tumia hiyo," alisema. "Maumivu yakikosa kupumzika Jumapili, mlete Jumatatu. Kama mkojo ni wa strungi, usingoje Jumatatu. Na asiache dawa peke yake bila kutuambia."

Nilianza tena Agosti, aina nyingine, kidonge kidogo mpaka nilidhani wamekosea. Damu ilipimwa baada ya wiki chache, ikapimwa tena. Daktari aliongeza kipimo mara moja, polepole. Miguu haikusema kitu.

Likizo ya Agosti hiyo tulimpeleka Chemutai apimwe, kwa sababu ugonjwa huu hupitia damu ya familia. Ana miaka kumi na minne. Nilikuwa nimemwomba Mungu amruke. Hakumruka. Nilipomwambia nilikuwa na machozi, na yeye akanitazama kama mjinga.

"Si ni kidonge tu? Wewe unameza na bado unachuma kunishinda."

"Utameza shuleni, na wenzako wataona."

"Wakiona nitawaambia ni ya kolestro. Wakiuliza kolestro ni nini nitawaambia waende maktaba."

Hivyo ndivyo alivyofanya. Ameniambia matroni ndiye anayemwekea dawa, na wasichana wawili wa bweni humkumbusha akisahau. Miezi mitatu yangu ya kujificha nyuma ya ndama, yeye aliimaliza kwa dakika moja.

Novemba nilipata tena kikohozi. Nilienda kwa kemisti yule yule. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya Mei, na nyuma yangu, sijui ni Mungu au ni nini, alikuwa Mama Kwamboka na kikapu chake.

"Kuna dawa ingine unameza?" muuzaji akauliza.

Nilitoa pakiti kwenye mfuko wa sweta, pakiti yenyewe, na jina lake juu, nikaiweka mezani.

"Hii. Statini. Ya kolestro. Kila jioni."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini duka zima lilikuwa limenyamaza. Muuzaji aliisoma, akarudisha dawa aliyokuwa ameishika kwenye rafu, akachukua nyingine.

"Hii haigombani na yako," akasema. "Ungeninyamazia ningekuumiza."

Nikasikia Mama Kwamboka anavuta pumzi nyuma yangu. Nikangoja.

"Kumbe wewe ni ya kolestro," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi ni ya presha. Tangu mwaka juzi. Naweka ndani ya unga wa wimbi, mzee wangu asione." Kisha akamgeukia muuzaji. "Na ile ya mgongo ulinipa juzi, hiyo inagombana na presha?"

"Kwani uko na presha?"

"Sasa si ndiyo nakuambia."

Muuzaji aliomba aone ile ya mgongo. Tulirudi nyumbani pamoja, yeye akiwa na dawa tofauti ya mgongo na mimi na ya kifua, na njiani alinieleza habari zote za presha yake mpaka tukafika.

Leo ni Jumatatu. Wiki iliyopita mvua ilikuwa nyingi na majani yalikuja kwa wingi, tukachuma kama Mei. Jumamosi jioni mapaja yaliuma hasa. Mama aliniangalia nikikaa. Mkojo niliuangalia, ulikuwa safi. Nikameza kidonge mezani, Kogo akiuliza kwa sauti ya kusikika barabarani kama nimemeza. Jumapili asubuhi yalikuwa yamelegea. Kanisani tulipiga magoti, na tulipoambiwa tusimame nilisimama na wengine. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Jioni nilikaa kwenye nyasi nyuma ya jikoni, nikainyoosha miguu, nikaiuliza. Haikuuma. Ilikuwa ni chai tu.